Kabla hujaomba breka kubwa, tuambie imejizima vipi

Juni ikishaingia na baridi ya Mbeya ikaanza kung'ata, wateja wetu kuanzia Forest na Uyole mpaka Tukuyu huja na ombi moja: "Fundi, hii breka yangu ni mbovu, inajizima ovyo. Nipe ya ampea kubwa." Breka kubwa tunazo, na kukuuzia ni kazi ya dakika mbili. Ila tutakuuliza kwanza swali ambalo wengine huliona usumbufu: imejizima vipi? Papo hapo ulipowasha kitu? Baada ya muda? Au inajizima saa yoyote, hata usiku watu wamelala?

Tunauliza kwa sababu ndani ya meni swichi yako kuna njia tatu tofauti za kukata umeme, na kila moja inakata kwa kosa lake. Mbili kati ya hizo zinatumia sumaku.

Umeme ukipita kwenye waya, waya huo unazungukwa na nguvu ya sumaku. Hans Christian Ørsted wa Denmaki aliligundua hilo mwaka 1820 alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye mkondo, na leo mwanafunzi wa kidato cha nne anakuchorea mistari yake kwenye daftari. Waya ulionyooka sumaku yake ni hafifu. Uzungushe uwe koili, inaongezeka. Mkondo ukipanda, sumaku nayo inapanda. Mkondo ukikatika, sumaku inakwisha.

Pale kaunta tuna breka moja tuliyoipasua ubavu ili wateja waone ndani, na ukipita omba uishike. Utaona koili ya waya mnene wa shaba, mizunguko michache tu, na katikati yake kipande cha chuma kinachoteleza. Pembeni kuna ubapa mwembamba wa metali mbili zilizobanwa pamoja. Chini kabisa kuna vibati vya chuma vimepangwa kama kurasa za daftari. Breka ikifungua, cheche inayoruka kati ya vigusio inavutwa kuingia kwenye vibati hivyo, inagawanywa na kuzimika. Inavutwa na sumaku yake yenyewe. Kwa bei ya breka, hiyo ni kazi nzuri sana ya ufundi.

Usoni breka imeandikwa, tuseme, C20. Ile 20 ni ampea ambazo inabeba siku nzima bila shida. Herufi C inamaanisha koili itaikata papo hapo mkondo ukifika kati ya mara 5 na mara 10 ya hiyo 20, yaani ampea 100 hadi 200. Ikiwa ni B, ni kati ya mara 3 na mara 5.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kama imejizima papo hapo kwa kishindo, hiyo ni shoti: laivu (waya unaoleta umeme) imegusana na nyutro (waya unaourudisha), mamia ya ampea yamepita, na koili imekivuta kile chuma kabla hujapepesa jicho. Chomoa kila kitu kwenye soketi, zima swichi zote za taa, kisha pandisha breka mara moja. Ikikaa, chomeka kifaa kimoja baada ya kingine mpaka umpate mkosaji. Mara nyingi ni pasi ambayo waya wake umekunjwakunjwa pale shingoni. Ikijizima huku vyote vimechomolewa, shoti ina uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye waya wa nyumba. Panya wa darini hao, au msumari wa kutundikia picha. Iache chini utuite. Kuipandisha mara tano mfululizo ni kuipelekea shoti ileile moto mara tano.

Kama imekaa dakika kadhaa ndipo ikajizima, na ukiigusa ina joto, hapo sumaku haihusiki. Ni ule ubapa wa metali mbili. Unapashwa moto na mkondo, metali moja inatanuka kuliko nyenzake, ubapa unapinda na kusukuma kifyatuo. Hili ndilo tatizo kuu la msimu wa baridi, na chanzo chake karibu kila mara ni shawa ya umeme.

Piga hesabu. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 24. Imefungwa kwenye breka ya 20, kwa waya wa 2.5 (unene wake kwa milimita za mraba) uleule uliopangiwa soketi. Ampea 24 haizidi 20 kwa kiasi cha kuifanya breka ikate mara moja; inaweza kuvumilia dakika nyingi sana. Ndiyo maana baba anaoga vizuri, mama anaoga vizuri, halafu mtoto wa tatu akiwa na sabuni usoni maji yanageuka barafu. Nyumba nzima inahitimisha kuwa breka ni mbovu. Breka ni nzima kabisa, imechoka kuhesabu joto.

Na hapa ndipo ombi la breka kubwa linapokuwa hatari. Ukiweka ya 32 kwenye waya wa 2.5, breka haitalalamika tena. Waya ndio utakaochemka, ndani ya ukuta, juu ya dari, mahali ambapo huoni wala hunusi mpaka plastiki ianze kuyeyuka. Breka huchaguliwa kulinda waya. Shawa ya aina hiyo inataka laini yake peke yake kutoka meni swichi, waya wa 6, breka ya 32, na swichi yake ya kuzimia iliyo nje ya bafu. Gharama yake kubwa ni waya, hatukatai, na umbali wa bafu kutoka meni swichi ndio unaopanga bei. Asiyetaka gharama hiyo anunue shawa ya wati chache. Maji yatakuwa ya uvuguvugu badala ya moto, lakini ataoga.

(Hita ya kuzamisha kwenye ndoo, ambayo Mbeya tunaipenda mno: chomoa kwanza kwenye soketi, ndipo upime maji kwa kidole. Isiwe kinyume chake hata siku moja, na watoto wasiifikie.)

Jibu la tatu ndilo linalotufanya tuje haraka. Inajizima saa yoyote. Inajizima mvua ikinyesha. Inajizima na nyumba nzima, si laini moja. Hapo iliyokata huwa ni ile pana, yenye kitufe cha herufi T, ambayo mafundi huiita RCD.

RCD haijali unatumia umeme kiasi gani. Inaangalia jambo moja: umeme uliotoka kwa laivu umerudi wote kwa nyutro? Ndani yake nyaya hizo mbili zinapita pamoja katikati ya pete ya chuma. Mkondo mmoja unakwenda, mwingine unarudi, kiasi kilekile, kwa hiyo sumaku zao zinapingana na kufutana. Pete haihisi kitu. Umeme ukipata njia ya wizi, kupitia bodi la friji, ukuta uliolowa au mkono wa mtu, unaorudi unapungua. Sumaku hazifutani tena sawasawa. Tofauti hiyo ndogo inaamsha koili nyembamba iliyozungushiwa pete, koili inalegeza kisumaku kinachozuia springi, springi inafyatuka, nyumba inazimika.

Tofauti inayotosha kuikatisha ile ya majumbani ni ampea 0.03. Ni mkondo wa balbu ya wati 7 hivi. Inatakiwa ikate ndani ya sekunde 0.3, kwa sababu mkondo unaozidi hapo ukipita kifuani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Breka ya C20 haiwezi kukusaidia kwa hilo. Mtu anaweza kufa kwa mkondo usiofika hata ampea moja, na breka iko pale inasubiri zaidi ya 20.

RCD na waya wa ethi wanafanya kazi pamoja. Ethi ikiwa nzima, umeme ukivuja kwenye bodi la shawa unakimbilia ardhini na RCD inakata kabla mtu hajaingia bafuni. Ethi isipokuwepo, RCD inasubiri mpaka mtu aguse. Na msijidanganye kwamba ethi peke yake inatosha kuangusha breka. Tuseme fimbo ya ethi ina ukinzani wa omu 50: volti 230 gawanya kwa 50, zinapita ampea 4.6. Breka ya 20 inauona huo ni mzigo wa jagi la umeme tu. Bodi linabaki na umeme, nawe huna habari.

Udongo nao una neno. Kiangazi ardhi ikikauka, ethi inadhoofika. Iringa ni tatizo jingine. Maeneo ya kuelekea Gangilonga ukichimba unakutana na jiwe, na tumeshang'oa fimbo ambazo fundi alizikata nusu, akafukia kichwa ili ionekane imeingia yote. Mwenye nyumba hawezi kujua bila kupima kwa mita. Jiwe likikataa, fimbo inahamishwa mahali pengine, au zinawekwa fupi mbili tatu mbalimbali na kuunganishwa.

Wako mafundi wanaomaliza kelele za RCD kwa kuiruka: waya unapitishwa pembeni, kifaa kinabaki pale kama pambo. Kazi hiyo hatufanyi, hata ukituongezea pesa. Tutatafuta panapovuja, na mara nyingi ni taa ya nje iliyoingia maji, friji ya siku nyingi, au koili ya shawa iliyopasuka.

Wewe mwenyewe bonyeza kitufe cha T mara moja kwa mwezi. Umeme lazima ukatike papo hapo. Kitufe hicho kinapima RCD yenyewe tu, hakipimi ethi. Isipokata, tupigie siku hiyohiyo.

Kuna imani moja tunaisikia sana kaunta: kwamba ekstensheni iliyoviringishwa huungua kwa sababu ya sumaku ya mzunguko. Umeshajua kwa nini si kweli. Ndani ya waya huo mna laivu na nyutro bega kwa bega, na sumaku zao zinafutana. Ndiyo maana fundi akikubana waya mzima wa pasi kwa klampu ya kupimia mkondo, mita inasoma sifuri; mpaka atenge laivu peke yake. Ekstensheni inaungua kwa sababu joto la mizunguko ya ndani halina pa kutokea. Ikunjue yote kabla hujachomeka hita.

Radi za masika ni habari nyingine. Mkondo wake ni maelfu ya ampea, na sumaku yake inapoibuka ghafla inazalisha volti kwenye nyaya za nyumba ambayo hata haikupigwa. Hakuna breka inayowahi hapo, na friji gadi haikuwekwa kwa kazi hiyo. Ngurumo zikianza kusogea chomoa runinga, na waya wa antena pia.

Ukituita tuje kukagua, tutapima ethi, RCD, na nyaya kwa mega (mita inayoonyesha kama ganda la waya linavujisha umeme). Muulize fundi yeyote leseni yake ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, sisi tukiwemo. Umeme utazimwa kwa muda, kwa hiyo chajini simu mapema, na tafadhali sogezeni kabati lililo mbele ya meni swichi.