Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Riadha cha Tuvalu, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Salamu kutoka Funafuti. Hesabu za mwaka zimo kwenye ripoti ya mweka hazina na sitazirudia. Niseme tu kwamba sehemu kubwa ya ruzuku ya Shirikisho la Riadha la Dunia huishia kwenye nauli, maana ukitaka kwenda kushindana popote ni lazima kwanza upite Fiji, na anayetoka visiwa vya nje kama Nanumea au Niutao huanza safari yake kwa meli. Ada za uanachama zinasuasua kama kawaida. Wahusika mnajijua.

Mwaka huu ulikuwa wa Olimpiki ya Paris. Karalo Maibuca na Temalini Manatoa ndio waliokuwa timu nzima ya Tuvalu, wote wa riadha, na wote wawili walishika bendera kwenye boti katika mto Seine. Karalo alikimbia mita 100 kwa sekunde 11.30; kwenye Olimpiki ya Tokyo alikuwa amekimbia 11.42. Temalini alitumia sekunde 14 na kidogo. Wote waliishia raundi ya awali, ile inayokimbiwa asubuhi, wakati wenye majina makubwa wangali hotelini.

Kuna walionisimamisha njiani kuniuliza kama hiyo si aibu. Nawajibu wote kwa pamoja. Nafasi zetu ni zile wanazopewa nchi ambazo hazina mwanariadha aliyefikia viwango, na hatujawahi kulificha hilo. Tangu Beijing 2008, tuliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, tumekimbia mita 100 tu. Rio 2016 timu yote ya taifa ilikuwa mtu mmoja, Etimoni Timuani, ambaye kwanza ni mchezaji wa mpira. Sasa pigeni hesabu: kati ya 11.42 na 11.30, Karalo wa Paris angemwacha Karalo wa Tokyo nyuma kwa mita moja nzima. Kwa kijana anayetoka nchi isiyo na kiwanja cha riadha, mita hiyo si haba.

Najua pia mlivyoshangilia Julien Alfred wa Saint Lucia alipochukua dhahabu ya mita 100 za wanawake kwa 10.72. Nami nilishangilia. Ila tusisahau kwamba aliondoka kwao akiwa na miaka 14 kwenda Jamaika, kisha Texas. Kwetu mlango wa kuondokea umepanuka: mkataba wa Falepili na Australia ulianza kutumika mwezi Agosti, na unaruhusu watu 280 kuhama kila mwaka kutoka nchi ya watu kama 11,000. Simlaumu atakayeondoka. Wanangu mwenyewe wanalizungumza mezani. Lakini anayeondoka akiwa amefundishwa vizuri hapa ataendelea kutukimbilia sisi, na asiyewahi kupimwa hapa hatutajua hata kama tulimpoteza.

Na kwenye kupima ndiko tulikochekesha mwaka huu. Mnajua tunafanyia mazoezi barabara ya kurukia ndege, ile iliyojengwa na Wamarekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, jioni pamoja na wacheza mpira, pikipiki na mbwa. King'ora kikilia, sote tunapisha. Basi jioni moja kijana wa miaka 13, miguu mitupu, alikimbia mita 100 kwa 11.9, kwa saa ya kubonyeza kwa mkono. Tukatazamana. Akarudia: 11.9. Usiku ule sikulala vizuri, nilikuwa tayari naandika barua kichwani. Kesho yake tukaazima futi ya chuma kwa mafundi ujenzi, tukakuta "mita 100" zetu ni mita 97 na nusu. Kamba tuliyowekea alama ilikatika mara kadhaa zamani ikaungwa kwa mafundo, na kila fundo lilimeza kipande chake. Nilifuta kwenye daftari muda wote tuliopima kwa miezi mitatu. Kijana nilimweleza kwamba yeye hakukosea kitu, iliyokosea ni kamba, akaniuliza kama anaweza kukimbia tena sasa hivi. Alikimbia. Kwa umbali wa kweli, na baada ya kuongeza zile sekunde 0.24 zinazoongezwa kwenye muda uliopimwa kwa mkono ili ulingane na wa mitambo, bado ni mkimbiaji.

Hapa ndipo lilipo ombi langu. Wengi wenu mmeniambia tudai kiwanja cha mita 400 kwenye ardhi mpya iliyojazwa mchanga hapa kisiwani Fongafale, ile yenye urefu wa mita 780 na upana wa mita 100. Nimekaa na vipimo. Kiwanja kamili kinahitaji upana wa zaidi ya mita 90. Maana yake tungeibana ardhi ile kutoka ukingo hadi ukingo, na majirani zetu ambao maji ya bamvua huwachimbukia sebuleni kupitia matumbawe wangetutazama hivi hivi. Mimi sitaandika barua hiyo.

Ninachopendekeza ni mstari mmoja ulionyooka wa mita 130, njia nne, kila njia mita 1.22. Hizo ni mita 100 za mbio, nafasi ya kujipanga nyuma ya mstari, na nafasi ya kupunguza mwendo baada ya kumaliza. Haufiki mita za mraba 640, hata asilimia moja ya ardhi ile haumalizi. Uwekwe juu ya kitu laini kuliko lami, maana magoko ya vijana wetu yamechoka.

Michezo Midogo ya Pasifiki itafanyika Palau kuanzia tarehe 29 Juni 2025. Visiwa vya nje vilete majina mapema, si wiki ya meli. Walimu wa shule ya Motufoua kule kisiwani Vaitupu nawashukuru; daftari lao ndilo pekee lililonifikia likiwa limejazwa.

Pendekezo la mstari litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Kamba ya zamani nimeikata. Futi ya chuma, yetu wenyewe sasa, iko kwangu. Anayeihitaji aifuate kabla ya saa kumi, baada ya hapo iko uwanjani.

Mwenyekiti