Usiiache misimbo, mwanangu

Mwanangu Neema,

Natumaini hujambo na masomo yanakwenda. Sisi wazima, bibi yako anakusalimu sana.

Umesema unataka kuacha mada yako ya misimbo ya kusahihisha makosa, yaani mbinu za kuongeza tarakimu kwenye ujumbe ili zilizoharibika njiani zirekebishwe, kwa sababu wenzako wanadai haina soko. Nimefundisha mawasiliano ya redio miaka mingi, mwanangu, na hilo silikubali hata kidogo. Ngoja nikupe habari za mwalimu na mwanafunzi wake.

Mwaka 1948 mwanahisabati Mmarekani Claude Shannon alithibitisha kwamba njia ya mawasiliano yenye kelele, yaani inayoharibu baadhi ya tarakimu, ina kikomo chake cha kasi, na ukiwa chini ya kikomo hicho ujumbe unaweza kufika karibu bila kosa. Ila namna ya kuutengeneza msimbo wenyewe, kwa hesabu zinazobebeka, aliwaachia wengine.

Robert Gallager wa chuo cha MIT, Marekani, alilishughulikia swali hilo katika tasnifu yake ya udaktari ya 1960. Chukua tarakimu 1, 0, 1, 1. Moja ziko tatu. Ongeza nyingine zitimie nne, ziwe shufwa. Mpokeaji akihesabu akakuta witiri, anajua kuna iliyoharibika njiani. Gallager aliweka ukaguzi wa namna hiyo kwa wingi, kila mmoja ukigusa tarakimu chache tu, kisha dekoda, yaani kisomaji cha upande wa mpokeaji, inapitia na kurudia mpaka makosa yatoke. Kompyuta za enzi hizo hazikuziweza hesabu hizo. Kazi yake ikakaribia kusahaulika hadi ilipofufuliwa miaka ya 1990.

Erdal Arıkan, Mturuki aliyesimamiwa na Gallager na kupata udaktari 1985, alirudi Ankara kufundisha Chuo Kikuu cha Bilkent. Mwaka 2009 akachapisha misimbo ya polar. Hapa soma polepole, ndipo utamu ulipo. Una tarakimu mbili. Kwanza unatuma jumla yao, ambapo 1 na 1 ni 0. Kisha unatuma ya pili ilivyo. Papo hapo ya kwanza inakuwa ngumu zaidi kuisoma, na ya pili inakuwa rahisi zaidi. Rudia hatua hiyo mara kumi, kila mara idadi ikiwa maradufu, unapata njia 1024, nyingi zikiwa ama safi mno ama mbovu mno. Ujumbe unaupitisha kwenye zile safi. Zile mbovu unazipa sifuri ambazo mpokeaji anazijua tayari. Jinsi lilivyo rahisi jambo hili, na lilichukua zaidi ya miaka sitini tangu Shannon!

Kweli, misimbo mifupi ya polar ilikuwa dhaifu mwanzoni, mpaka Ido Tal na Alexander Vardy walipobuni dekoda inayoshikilia makisio kadhaa kwa pamoja. Na ilipofika 2016, waliokuwa wakipanga viwango vya mtandao wa simu wa 5G walichagua misimbo ya Gallager kwa data na ya Arıkan kwa ishara za udhibiti. Wakati wawili hawa wanaanza, hakuna aliyekuwa akiisubiri kazi yao sokoni.

Basi usibadilishe mada kabla hatujazungumza, na msimamizi wako mweleze hofu yako waziwazi. Kwanza, weka kompyuta kando, chukua kalamu. Fanya mfano wa tarakimu mbili kwenye njia inayopoteza nusu ya tarakimu. Ukipata kwamba ya kwanza inapotea kwa uwezekano wa robo tatu na ya pili kwa robo, umeipata. Nipigie picha ukurasa huo unitumie. Hela ya vitabu nitaituma Ijumaa.

Akupendaye,
Mama