Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara: Tuonyesheni hesabu ya kutoka COMESA

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima zote, na nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizopitisha katika ngazi zinazostahili hazijajibiwa. Nina karakana ndogo ya sabuni za miche hapa Uyole, Mbeya. Mawese nanunua Kyela, na sehemu kubwa ya sabuni inayotoka hapa huvuka Tunduma kwenda kwa wateja wa Nakonde na Kasama nchini Zambia.

Wiki iliyopita mzigo wangu ulizuiwa mpakani. Cheti cha uasili wa bidhaa, yaani cha kuonyesha imetengenezwa wapi, cha SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika) kilikuwa kimejazwa sawasawa na kugongwa muhuri, lakini upande wa pili walipofungua orodha ya saini za mfano ambazo nchi yetu huwapelekea, saini ya aliyeidhinisha cheti changu haikuwamo. Nikaambiwa nichague: nilipe ushuru kamili kana kwamba sabuni imetoka nje ya SADC, au nigeuze lori. Wakati tunahangaika kutafuta wa kuthibitisha saini hiyo, mvua ilinyesha, turubai likavuja, katoni za chini zikalowa na miche ikagandana. Mteja wangu wa Kasama hakungoja. Alinipigia simu kwa upole kunieleza kwamba amechukua sabuni ya Kenya.

Mheshimiwa, Kenya si mwanachama wa SADC. Sabuni yake inaingia Zambia bila ushuru kwa kuwa nchi zote mbili ziko COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), na lori lililoibeba lilikatiza nchi yetu kutoka mpaka wa kaskazini, likapita barabara hii hii iliyo mbele ya karakana yangu, likavuka Tunduma. Najua kwamba nao wana vyeti vyao na masharti yao, na simwonei mtu wivu kwa kufanya biashara. Ninachouliza ni kwa nini mimi niliye jirani na mpaka nashindwa na mtu aliyetoka mbali namna hiyo, na kama uamuzi wetu wa kutoka COMESA mwaka 2000 una mchango katika jambo hili.

Tulikuwamo katika safari hiyo tangu enzi za PTA, eneo la biashara la upendeleo lililoitangulia COMESA, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Lusaka mwaka 1981. Tukatoka COMESA Septemba 2000. Tarehe 31 Oktoba mwaka huo huo, wiki chache tu baada ya sisi kufunga mlango, COMESA ikazindua eneo huru la biashara la nchi tisa, Kenya, Zambia, Malawi na Misri zikiwamo. Kwa upande wa SADC tulikobaki, eneo huru la biashara lilizinduliwa Agosti 2008. Katika miaka hiyo minane ushuru ulikuwa ukipunguzwa kwetu kidogo kidogo, wakati wenzetu walikwisha kufunguliwa njia. Sina takwimu za kuthibitisha, lakini naamini ndipo maduka ya kaskazini mwa Zambia yalipozoea bidhaa za wengine, na mazoea ya mteja ni kazi ngumu kuyabadili.

Hoja za upande wa pili nazisikia kila mjadala huu unapozuka, na sizipuuzi. Serikali ilisema wakati ule kwamba viwanda vyetu vilikuwa vichanga, kwamba mapato ya forodha yangepungua, na kwamba uanachama katika jumuiya nyingi ni gharama isiyo na sababu. Wapo wanaosema hadi leo kwamba tulifanya vema: Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na sasa Congo tunakutana nazo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Zambia, Malawi na Zimbabwe tunakutana nazo SADC, kwa hiyo tulichopoteza ni kidogo. Huenda wana haki. Lakini Misri, Ethiopia na Sudan haziko katika jumuiya yoyote kati ya hizo mbili tulizomo. Na hoja ya kwamba huwezi kukaa kote kote inanipa shida, maana Kenya na Uganda zimekaa Afrika Mashariki na COMESA kwa pamoja miaka yote hii. Hata sisi wenyewe, madereva wetu wanaoendesha malori nje ya nchi bado wanabeba kadi ya njano ya bima ya COMESA, kwa sababu ina faida na hakuna aliyeona haja ya kuiacha.

Kuna jambo ambalo wakubwa hawaligusi wanapojadiliana, nalo ni mzigo mdogo. Mmalawi na Mzambia wanaokutana mpaka wa Mchinji na Mwami wana utaratibu rahisi wa COMESA kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizo katika orodha waliyokubaliana hupita kwa fomu fupi inayojazwa pale pale mpakani. Mtanzania anayevuka Namanga na mzigo usiozidi dola 2,000 naye ana cheti rahisi cha Afrika Mashariki. Mimi Tunduma sijawahi kuonyeshwa njia ya namna hiyo. Nilichoonyeshwa ni orodha ya saini. Kituo cha pamoja cha forodha tunacho, ni kizuri na tunashukuru, lakini jengo halijazi fomu.

Mwaka jana afisa mmoja alikuja kukutana nasi wafanyabiashara, akaulizwa waziwazi kama kutoka COMESA kulitufaidi au kulituumiza. Alijibu kwamba tathmini ipo na kwamba tutaletewa. Tuliipigia makofi ahadi hiyo, Mheshimiwa. Hatujaletewa hata ukurasa mmoja. Vijana wangu wawili nimewasimamisha kazi, mkopo wa mtambo wa kukatia sabuni unaendelea kudai marejesho, na mimi sijui kama naumia kwa sababu ya sera ya nchi, kwa sababu ya saini ya mtu mmoja, au kwa sababu sabuni yangu haifai.

Sikuombi uirudishe nchi COMESA kesho. Mkataba wa utatu unaounganisha COMESA, Afrika Mashariki na SADC, uliosainiwa Sharm el-Sheikh Juni 2015, umeanza kutumika tangu Julai 2024, na pengine huko ndiko jibu lilipo. Lakini hatuwezi kujua tunakokwenda ikiwa hatujaambiwa tulipata nini na tulipoteza nini tulikotoka. Watu wanabishana kwa robo karne, kila mmoja na imani yake, wakati takwimu za forodha za miaka hiyo yote mnazo ninyi.

Naomba hiyo tathmini itolewe hadharani, kwa Kiswahili, ikionyesha mauzo yetu kwa kila nchi ya COMESA kabla ya mwaka 2000 na baada yake, na ushuru ambao bidhaa zetu zimelipa kule ambako za majirani zimepita bure. Kama haijawahi kuandikwa, naomba useme hivyo, kisha iandikwe. Na wakati tukiisubiri, saini za maofisa wanaotuidhinishia vyeti zipelekwe Zambia.

Wako mtiifu,
Mwenye karakana ya sabuni,
Uyole, Mbeya