Ndugu wa Kongwa, usiipeleke kwenye mizani ya chuma chakavu

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlitoa barua ya msomaji wa Kongwa anayelalamika kwamba pikipiki yake ya zamani "inakula betri", na kwamba mafundi wamemshauri aiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Naomba nafasi nimjibu kabla hajafika kwenye mizani yao.

Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo. Kabla ya hapo nilikuwa fundi simu, enzi za Shirika la Posta na Simu, kazi ya kupanda nguzo na kufuatilia waya uliokatika porini. Pikipiki yangu ni BMW R60/6, zile zilizotengenezwa kati ya 1973 na 1976. Niliinunua kwa padri mmoja mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Watoto wa hapa wanaiita "trekta", kwa sababu ya silinda zake mbili zilizotokeza ubavuni.

Mwaka jana mwezi wa nane, wakati wa mavuno, nilitoka mjini jioni. Nilipofika Ihumwa nikaiacha barabara kuu ya Morogoro, na hapo taa ya mbele ikawa kama kibatari. Mbele kidogo injini ikaanza kukohoa, ikazima. Cheche za plagi kwenye mashine hii hutegemea betri. Betri ikikauka, umekwama. Nikaisukuma hadi kwa mzee mmoja, ikalala zizini na mbuzi wake.

Fundi wa kwanza hakuchukua hata dakika tano. "Mzee, betri imekufa." Nikanunua. Mwezi wa kumi hiyo mpya nayo ikafa. Fundi wa pili: "Mzee, ulipewa betri feki." Nikanunua tena. Wote wawili, mniwie radhi, walikuwa wanauza betri.

Wa tatu ndiye aliyenitoa jasho. Alifungua kifuniko cha mbele cha injini bila kuchomoa waya wa hasi wa betri. Bamba la daiodi, lile linalogeuza umeme unaozalishwa na injini uweze kuchaji betri, limekaa nyuma ya kifuniko hicho, na lina umeme wa betri muda wote, swichi iwe imewashwa au imezimwa. Kifuniko kikaligusa, cheche zikaruka kama kwa mchomeleaji, waya mmoja ukaungua. Nilimpa nauli, nikamwambia aende zake salama.

Usiku ule nilijilaumu. Miaka yote ile kazini hatukubadilisha kifaa bila kukipima, leo kwa chombo changu mwenyewe natoa pesa kwa kuambiwa tu! Nikaitoa mita yangu ya kupimia umeme kabatini, nikaifuta vumbi.

Niliichaji betri usiku kucha kwa jirani mwenye chaja, nikaiacha ipumzike: volti 12.6. Nikawasha injini: 12.3. Nikapiga resi hadi kuku wakatawanyika: 12.3 ile ile. Mfumo ukiwa mzima, ukiongeza resi namba inapanda, inakaribia 14. Betri yangu basi haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa mtungi unaochotwa maji kutwa, na hakuna anayekwenda kisimani.

Ndipo nikakumbuka kuna taa ndogo nyekundu ya chaji pale mbele. Ukiwasha swichi kabla injini haijanguruma, inatakiwa iwake. Injini ikishika mwendo, izimike. Yangu haikuwa inawaka kabisa, sijui tangu lini. Nami nilidhani taa nyekundu isipowaka ni heri.

Sasa sikilizeni. Altaneta ya BMW hii, yaani kile kifaa kinachozalisha umeme, haina sumaku ya kudumu. Sehemu inayozunguka ina koili, na koili hiyo hugeuka sumaku pale tu inapopewa umeme kupitia kaboni mbili zinazosugua pete zake. Umeme wa kuianzisha hutoka kwenye betri na kupita ndani ya balbu ya ile taa nyekundu. Balbu ikiungua, njia imekatika, altaneta inazunguka bure tu.

Kabla ya kuilaumu balbu nilichomoa betri, nikafungua kifuniko, nikapima koili kwenye pete zake mbili: ukinzani ulikuwa ohm 3 na ushei, na haikugusana na chuma cha injini, yaani ilikuwa nzima. Kaboni zilikuwa bado ndefu. Nikaenda Majengo kutafuta balbu. Kijana wa dukani akanipa ya LED, akanisifia kwamba haiungui. Iliwaka vizuri kuliko ya zamani, ila chaji haikuongezeka hata kidogo! LED hupitisha umeme mdogo mno, hautoshi kuiamsha ile sumaku. Nikarudi nikadai balbu ya kawaida yenye uzi, volti 12 wati 4. Shilingi 1,000. Nikapiga resi: 13.9.

Zile betri mbili sitaji bei yake, mke wangu husoma gazeti hili.

Mbukwa, ndugu yangu wa Kongwa. Umeandika kwamba yako ni ya Kijapani. Nyingi za aina hiyo zina sumaku ya kudumu kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, kwa hiyo habari ya balbu haikuhusu. Wewe anza na betri kama nilivyofanya, na kama mashine yako ni ya volti 6, zigawe namba zangu kwa mbili. Kisha tafuta waya zinazotoka kwenye injini, mara nyingi tatu za njano. Itazame soketi yake kwanza: plastiki ikiwa imegeuka kahawia au imeyeyuka, umeme wako unaishia hapo kuwa joto. Ichomoe, washa injini, weka mita kwenye volti za AC (umeme kabla haujageuzwa kuwa wa betri), pima waya mbili mbili. Vipimo vitatu vilingane, na vipande pamoja ukiongeza resi. Zima, sasa pima ohm kati ya kila waya na bodi. Mita ikionyesha kuna njia, koili imeungua, na wasukaji wa mota wanaweza kuisuka upya. Koili zikiwa nzima na betri bado haichaji, nenda kwenye regulata, kile kifaa kinachodhibiti chaji, na waya zake. Mita ikipita volti 15, ni regulata hiyo hiyo, nayo ndiyo inayochemsha maji ya betri hadi yakauke.

Pia jiulize unaendesha vipi. Yangu, kwa mwendo wa kusuasua mjini na taa kubwa imewashwa, inakula umeme kuliko inavyoingiza hata ikiwa nzima.

Mita ya kawaida haifikii bei ya betri moja. Kama huna, mafundi redio wanazo, mnunulie mmoja soda. Ukishapima, andika tena humu useme ilisoma ngapi injini ikiwa imezimwa, na ngapi ulipopiga resi. Gazeti hapa Hombolo hunifikia limechelewa siku moja, lakini nitaliona.

Fundi simu mstaafu,
Hombolo, Dodoma