Barua kwa rafiki aliye Kilwa: kwa nini nachora visiki kwa mkaa

Kisarawe,
Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Salaam sana. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima, wewe na wote wa nyumbani hapo Kilwa. Sisi huku hatujambo. Ama baada ya salamu, uliniuliza kwa nini nimeacha kuchora mibuyu ya machweo, ambayo wageni walikuwa wakiinunua, nikaanza kuchora visiki ambavyo hakuna anayetaka kuvitundika sebuleni.

Kwa miaka mingi nilichora kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972 akiwa ameshaonyesha kwamba kipande cha hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli vinatosha kumpa mtu kazi. Siidharau kazi hiyo hata kidogo, kwani ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Lakini mti katika picha zangu ulikuwa pambo tu, mahali pa kumsimamishia twiga. Haukuwa na jina, na majani yake niliyajaza kwa nukta bila kuwahi kuyashika mkononi. Wakati huohuo kingo za misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo iko karibu kiasi cha kufikiwa kwa miguu kutoka kwangu, zilikuwa zikiliwa na mashoka ili jiji la Dar es Salaam lipate mkaa wa kupikia. Na mimi pia nilipikia mkaa huohuo.

Siku moja nilikuta tanuri la mkaa la zamani kando ya njia, udongo wake umeshaota majani. Niliokota vipande vilivyosalia, nikakaa mbele ya kisiki kilichokuwa karibu nikakichora kwa vipande hivyo. Ukiutazama mkaa mzuri pale ulipovunjika, utaona mishipa ya mti ingali imepangika kama ilivyokuwa, moto haukuifuta. Tangu siku hiyo nimekosa sababu ya kuchora miti iliyokatwa kwa kitu kingine. Kitambaa nakipaka kwanza gundi iliyochanganywa na kaolini, ule udongo mweupe wa vilima vya Pugu ambao machimbo yake ya zamani sasa ni makao ya popo, kwa hiyo weupe na weusi wa picha zangu vyote vinatoka katika nchi ileile.

Aliyenifundisha zaidi ni mzee mmoja aliyewahi kuchoma mkaa. Alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu nilipokuwa nikichora mti niliodhani ni mkongo, kisha akasema kwa upole kwamba gome la mkongo hubanduka kwa magamba na kuacha mabaka, na kwamba mimi nilikuwa nimechora gome laini. Aliujua kwa mkono, kwa uzito wake, na kwa zile mbegu nyeusi zenye vilemba vyekundu ambazo watoto huzitunga shanga. Alinieleza jinsi magogo yanavyopangwa, yakafunikwa nyasi na udongo, yakakeshewa usiku na mchana yasishike moto wazi, na jinsi kilo moja ya mkaa inavyokula kilo 5 za kuni au zaidi kwa tanuri la namna hiyo. Hakuna mchoraji ninayemfahamu aliyeijua miti kama yeye, na jambo hilo limeniuma na kunifundisha kwa pamoja. Sasa sichori “msitu”. Nachora mti mmoja, naandika jina lake chini ya picha kama linavyoandikwa jina la mtu, na kama simjui wa kunitajia jina hilo, picha hubaki bila kukamilika.

Ulinitajia pia msanii Konstantin Dimopoulos, anayepaka buluu mashina ya miti hai katika miji kama Vancouver, Seattle na London, kwa rangi isiyoudhuru mti na inayofifia yenyewe kadiri muda unavyopita. Naiheshimu sana kazi hiyo. Katika mji ambamo watu hupita chini ya mti kila siku bila kuinua macho, kuutia mti rangi isiyo yake ni njia ya kuwasimamisha. Ila huku kwetu nahofia kwamba mti uliotiwa rangi ungedhaniwa umewekewa alama ya kuvunwa, kwa hiyo nimeona heri niuache kama ulivyo nibadilishe mchoro.

Shida yangu moja ni kwamba mkaa hufutika. Mtoto akipitisha kiganja tu, tawi limekwenda. Ndipo nikaikumbuka sandarusi, yaani utomvu wa mti wa msandarusi uliokauka ukawa mgumu, ambayo katika karne ya 19 ilichimbwa kwenye mchanga wa pwani yetu, Kilwa ikiwemo, ikapitia Zanzibar kwenda Marekani na Ulaya kutengenezewa vanishi. Ningependa picha ya msandarusi ihifadhiwe kwa utomvu wa msandarusi. Tafadhali waulize wazee wa huko, hasa katika vile vijiji vinavyomiliki misitu yao na kuvuna mpingo kwa mpango, kama bado wanaipata. Hata kipande cha ukubwa wa kidole kitanitosha kwa majaribio. Na wakikuonyesha msandarusi uliosimama, niandikie uko wapi na njia ya kuufikia, maana nataka kuja kuuchora ungali na majani yake.

Nisalimie shemeji na watoto.

Ni mimi rafiki yako,
wa Kisarawe