Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, ninawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wahasibu na wapangaji bajeti wa maghala ya mafuta. Vikao vinne vilifanyika, wenzetu wawili waliofiwa walifikishiwa rambirambi, na ziara ya Kurasini ilikwenda vizuri. Hayo mnayafahamu.

Lililoleta maneno ni uamuzi wa kutumia shilingi 4,800,000 za hafla ya mwisho wa mwaka kwa kozi ya kupanga rasilimali kwa kufuata shughuli, yaani kuhesabu gharama ya kila kazi inayofanywa ghalani badala ya kuigawa kwa lita. Wapo waliosema kwamba mwenyekiti alijiamulia peke yake. Muhtasari wa kikao upo, na sahihi za wajumbe saba kati ya tisa zipo. Wazo lilikuwa langu, sikatai, na bado naamini lilikuwa sahihi.

Tumezoea kuchukua bajeti ya uendeshaji ya mwaka uliopita na kuiongezea asilimia kumi, kisha kugawa gharama kwa lita. Lita zinatupotosha. Lori moja la lita 40,000 na malori matano ya lita 8,000 ni sawa kwenye daftari, ilhali matano yana hati tano na kaguzi tano. Katika ghala tulilofanyia mazoezi ya kozi nilisimama mwenyewe kwenye jukwaa la kupakilia malori, saa mkononi, tangu saa kumi na mbili asubuhi, nikimtazama kijana wa zamu akikagua mtungi wa kuzimia moto, akisoma cheti cha vipimo, akiunga waya wa kuondoa umeme tuli na, mwishoni, akifunga lakiri na kuandika namba zake. Ukaguzi ule haupungui kwa sababu lori ni dogo. Upimaji wa kina cha mafuta, kwa upande wake, hufuata idadi ya chemba, yaani vyumba vya tangi la lori, si ya malori. Ndiyo maana kila shughuli ilihesabiwa peke yake. Ukianza na malori na meli zinazotarajiwa, ukapata saa za kazi, ndipo ukafika kwenye watu, pampu na shilingi, utaziona pia saa zinazolipwa bure siku ambazo hakuna meli. Na kwa kuwa EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila mwezi bei kikomo, yaani bei ya juu kabisa inayoruhusiwa, gharama tuliyoikosea hatuwezi kumtwika mnunuzi tunavyotaka. Itakula faida ya mwajiri, na lawama zitaturudia sisi.

Inasikitisha kwamba kati ya wanachama 74 walifika 23, na mchana wa siku ya pili tulibaki 14. Wengi wa waliolalamika sikuwaona ukumbini. Ada ya shilingi 120,000 imelipwa na wanachama 41 tu, hivyo tunadai shilingi 3,960,000. Mimi posho ya vikao sikuchukua, na mkufunzi nilimsafirisha kwa gari langu.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kuirudia kozi hii Tanga, ambako bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, litaishia Chongoleani. Mafuta yale yana nta na huganda yasipopashwa moto, kwa hiyo kuyapasha moto nako ni shughuli ya kuhesabiwa peke yake. Tarehe itategemea ada. Kila atakayefika aje na hesabu ya malori yaliyopakia ghalani kwake kwa miezi 12 iliyopita, yakiwa yametenganishwa kwa ukubwa.

Mwenyekiti