Cheti cha gari la mtumba kitaje afya ya betri

Ndugu Mhariri,

Wasomaji wanabishana kama haibridi, yaani gari la petroli lenye pia mota ya umeme na betri yake, imepitwa na wakati au gari la umeme limekuja mapema mno, na hoja zote zinaishia kwenye bei ya petroli. Anayeagiza gari lililotumika kutoka Japani ananunua betri kwanza.

Chukua haibridi ya Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza. Betri yake iko chini ya siti ya nyuma: moduli (vifurushi vya seli) 20 za volti 7.2, jumla volti 144. Hupozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu karibu na siti hiyo. Vumbi letu huganda kwenye mapanga ya feni, na abiria huziba tundu kwa begi. Moduli za katikati hupata joto zaidi, hufa mapema. Taa ya dashibodi ikiwaka na mashine ya uchunguzi ikisoma P0A80, yaani msimbo wa betri ya haibridi kuchoka, lawama inaangukia haibridi, wakati feni ingesafishwa kila sevisi betri ingedumu zaidi. Kubadili moduli moja na kuziacha 19 zilizochoka hakusaidii, maana hazichaji sawa na mpya. Punde nyingine inakufa. Na fundi avae glavu za volti 1,000, achomoe plagi ya usalama ya rangi ya chungwa, asubiri dakika 10 kapasita ziishe chaji. Hapo hakuna njia ya mkato.

Kwa upande wa magari ya umeme tupu, Nissan Leaf za mwanzo, zenye betri ya kilowati-saa 24, hazina mfumo wa kupoza betri kabisa. Kwa joto la Dar es Salaam hilo ni jambo zito. Dashibodi ina mistari 12 ya afya ya betri. Ikibaki 8, uwezo uliobaki ni kama theluthi mbili. Toleo la 2011 lilipimwa Marekani likiwa jipya likapata kilomita 117 kwa chaji moja, kwa hiyo hapo zimebaki 78 hivi, na anayetoka Kibaha kwenda Posta na kurudi anahitaji karibu 80. Tena mistari hiyo hurudishwa 12 kwa kufuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, kisha hupotea tena. Pima kwa LeafSpy, programu ya simu inayosoma betri ya Leaf, chaji ikiwa chini: jozi moja ya seli kati ya 96 ikishuka mbali na wenzake, gari litakuzimikia njiani.

Mwenye soketi nyumbani na safari za mjini tu, anunue la umeme bila woga. Wa Dar–Mbeya, zaidi ya kilomita 800, kwa sasa abaki na haibridi.

Tunaziomba mamlaka cheti cha ukaguzi kabla ya gari kupakiwa melini kionyeshe asilimia ya afya ya betri, volti ya seli ya juu na ya chini kabisa, na tarehe ya kipimo.

Mafundi umeme wa magari,
Dar es Salaam